Kutoka Akeri hadi Olasiti: Chuki, Kisasi na Upatanisho Chini ya Mlima Meru

Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013 ilianza hapa Ngaramtoni kama Jumapili nyingine yoyote. Ilikuwa siku ya ibada na pia siku ya gulio, maana gulio letu huwa Alhamisi na Jumapili. Akina mama walioshuka kutoka mlimani na ndizi na viazi walikuwa wamekwisha kupanga mafungu yao, na Wamasai kutoka tambarare walikuwa wakiswaga mbuzi kuelekea mnadani. Tulipotoka kanisani tuliwakuta watu wamesimama vikundi vikundi, simu masikioni, na sauti zimeshuka. Bomu lilikuwa limerushwa Olasiti, upande wa pili wa mji.

Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa wamekusanyika kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Balozi wa Papa nchini, Askofu Mkuu Francisco Padilla, alikuwapo, pamoja na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu wa Arusha. Watu walikuwa wamejaa hadi nje ya kanisa, wamevaa nguo zao nzuri kwa ajili ya siku ile. Watatu walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Waliokufa walikuwa wameamka asubuhi kwenda kumshukuru Mungu.

Naomba niungame jambo kabla sijaendelea, kwa sababu bila hilo makala haya yatakuwa ya kuwafundisha wengine tu. Jumatatu iliyofuata nilipita mbele ya duka la nafaka ninalonunua mahindi na maharage miaka mingi. Mwenye duka ni Mwislamu. Watoto wake wawili niliwafundisha darasa la tatu. Siku ile nilitazama upande wa pili wa barabara kama mtu anayetafuta gari, nikapita bila salamu. Hakuwa amenikosea lolote. Hakuna aliyekuwa amejua ni nani aliyerusha bomu lile. Lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kufanya kesi, umetoa hukumu, na umemtoza faini mtu ambaye hakuwapo.

Baadaye nilijiuliza: moyo huu umejifunza wapi kazi hii? Jibu nililipata katika historia ya mlima huu tunaoutazama kila asubuhi.

Usiku wa Akeri

Oktoba 1896 wamisionari wawili vijana wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika upande wa mashariki wa Mlima Meru, mahali paitwapo Akeri, wakiwa na wasaidizi wao kutoka Uchagani. Walikuja kuhubiri na kuanzisha kituo. Lakini siku zile zile Kapteni Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani pale Moshi, alikuwa amepiga kambi karibu nao na askari wake. Wameru na Waarusha walikwisha kusikia jinsi jeshi hilo lilivyovunja nguvu za majirani zao wa Kilimanjaro. Walipoona wageni weupe wawili wenye vitabu na mgeni mweupe mwenye bunduki wamefika kwa wakati mmoja, hawakuona safari mbili. Waliona uvamizi mmoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba, morani wa Kimeru na wa Kiarusha waliwaua wamisionari wale kwa mikuki. Baadhi ya wasaidizi wao wa Kichaga waliuawa pia.

Kanisa limewakumbuka Ovir na Segebrock kama mashahidi wa imani, na ni haki kufanya hivyo. Ila tunapoisimulia habari hii kwa watoto wetu tuisimulie mpaka mwisho. Johannes alirudi na askari wake pamoja na kundi kubwa la wapiganaji kutoka Uchagani. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa kwa wingi, na watu wengi waliuawa ambao usiku wa Akeri walikuwa wamelala majumbani mwao. Mlima mzima ulilipishwa kwa kazi ya usiku mmoja. Miaka michache baadaye Waarusha walilazimishwa kubeba mawe na kujenga boma la Wajerumani mjini, lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa eneo hili.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi pande mbili zilizochukiana zilivyofanya kosa la aina moja. Morani walisema: hawa ni weupe, basi ni walewale. Jeshi likasema: hawa ni wa mlima huu, basi ni walewale. Neno hilo "walewale" ndilo lililoua, kwanza kwa mkuki na kisha kwa bunduki. Nilipopita mbele ya lile duka bila salamu, mimi nami nilikuwa nimelitamka, ingawa mdomo ulikuwa umefungwa.

Waliorudi

Mwaka 1902 wamisionari wa Leipzig walirudi Meru na kuanzisha kituo cha Nkoaranga, si mbali na Akeri. Mwaka 1904 wakaanza Ilboru, kwa Waarusha. Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Walirudi chini ya ulinzi wa serikali ileile iliyochoma migomba, na wenyeji walilijua hilo. Ndiyo maana Waarusha wengi walikaa mbali na kanisa kwa miaka mingi, na haikuwa kwa sababu mioyo yao ilikuwa migumu kuliko ya wengine. Mtu aliyechomewa nyumba haulizwi kwa nini hakimbilii kuimba.

Hata hivyo jambo moja ni kubwa. Wenye marehemu walirudi mahali walipofiwa, na hawakurudi kulipiza. Walirudi na shule, dawa na mahubiri. Na wenyeji, waliokuwa na makaburi mengi zaidi ya kulilia, waliwaachia nafasi ya kukaa, kisha polepole wakawaachia watoto wao wasome. Imani haikujengwa kwa tangazo. Ilijengwa kidogo kidogo, kidonda kimoja kilichosafishwa leo na mtoto mmoja aliyejua kusoma kesho. Hospitali yetu ya Selian hapa Ngaramtoni ni tawi la mti huo. Anayepokelewa pale haulizwi kabila wala dini kabla ya kufungwa jeraha.

Hili ni funzo la kwanza kwa sharika zetu. Baada ya damu kumwagika, upatanisho huchukua muda mrefu kuliko ugomvi. Asiyekuwa tayari kukaa miaka asianze kwa hotuba ya siku moja.

Mali waliyokuwa nayo wazee wetu

Wapo wanaodhani kwamba kabla ya kanisa na serikali, watu wa mlima huu walijua mkuki tu. Si kweli. Kati ya mwaka 1956 na 1958 mtaalamu Mwingereza aitwaye Philip Gulliver aliishi na Waarusha akichunguza jinsi wanavyomaliza ugomvi, na mwaka 1963 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo. Alichokikuta kinatuhusu sana.

Waarusha hawakuwa na desturi ya mtu mmoja kukaa juu na kutoa hukumu inayowabana wote. Kila mtu alikuwa na ukoo wake na rika lake, na kila kundi lilikuwa na wasemaji wake, malaigwanani. Watu wawili walipogombana, hawakuachwa wawili. Ukoo wa huyu na ukoo wa yule, au rika la huyu na la yule, walikaa pamoja mahali pa wazi. Kila upande ulisema mpaka ukamaliza. Kisha walianza kupunguza: huyu anaacha hili, yule anaongeza lile, mpaka wafike mahali ambapo wote wawili wanaweza kuishi. Aliyekosa alilipa fidia, na nduguze walimsaidia kuilipa. Kwa hiyo ndugu hao walikuwa na sababu nzuri ya kumkanya mapema kabla hajawafilisi.

Ukiitazama kwa makini, desturi hii inafanya mambo matatu ambayo chuki haiyawezi. Kwanza, inamtaja aliyefanya, kwa jina lake, badala ya kulaumu kabila zima. Pili, inampa aliyeumizwa mahali pa kusema mbele ya watu, naye asikizwe. Tatu, haiishii kwenye maneno. Kuna kitu kinachotoka mkononi mwa mkosaji na kuingia nyumbani kwa aliyekosewa.

Lakini desturi hii ilikuwa na mpaka, na hapo ndipo imani inapoingia. Ilimlinda mtu mwenye ukoo na rika. Ovir na Segebrock hawakuwa na rika mlimani. Usiku ule hapakuwa na laigwanani wa kusimama na kusema, ngojeni, hawa wawili tuwasikilize kwanza. Vivyo hivyo wasaidizi wao wa Kichaga waliokufa mbali na kwao. Na jeshi liliporudi kulipiza, hapakuwa na mtu upande wa jeshi wa kuwasemea wanawake na watoto wa Meru. Aliyekuwa nje ya hesabu ya "watu wetu" hakuwa na msemaji.

Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari ya Msamaria aliyemhudumia mtu aliyejeruhiwa njiani, mtu ambaye kwa desturi za siku zile hakuwa wa kwake. Kwa lugha ya kwetu huku, Bwana alikuwa anapanua rika. Alitaka kila aliyeachwa kando ya barabara apate mtu wa kumsemea na wa kumfunga majeraha. Kanisa halikupewa kazi ya kufuta baraza la wazee. Lilipewa kazi ya kusogeza viti ili mgeni naye apate pa kukaa.

Mahakama mjini kwetu

Mungu ameupa mji wetu wa Arusha somo ambalo miji mingi haikulipata. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na makao yake yakawa hapa Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Tulizoea kuona magari yake barabarani, na vijana wetu kadhaa walipata kazi kule. Sina hakika kama tulisikiliza vya kutosha yaliyokuwa yakisemwa ndani.

Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani wakuu wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Hao kazi yao ilikuwa maneno. Redio ile iliwaita binadamu mende, siku baada ya siku, mpaka msikilizaji aliyekaa na jirani yake miaka 20 akaona kumuua ni kama kufagia nyumba.

Linalotuhusu zaidi sisi wa kanisani ni hili. Februari 2003 alitiwa hatiani mchungaji mzee, Elizaphan Ntakirutimana, pamoja na mwanawe daktari. Watutsi walikuwa wamekimbilia katika eneo la kanisa na hospitali kule Mugonero wakitumaini kwamba mahali patakatifu patawaokoa. Desemba 2006 akatiwa hatiani padri, Athanase Seromba, ambaye parokia yake ya Nyange waumini walifukiwa ndani ya kanisa. Kanisa bila ujasiri wa kumtetea asiye wa kwetu linaweza kugeuka mtego. Hukumu hizi zilisomwa mwendo wa daladala kutoka hapa Ngaramtoni.

Wala tusiseme hayo ni ya Rwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sisi Waluteri wenyewe, chini ya mlima huu, tuligombana juu ya kuundwa kwa dayosisi ya Meru. Ugomvi ulitoka kwenye vikao ukafika kwenye fujo, watu wakaumizwa na mali zikaharibiwa. Waliopigana waliimba kitabu kimoja cha nyimbo na walibatizwa kwa jina moja. Dayosisi ya Meru ilianzishwa mwaka 1992, na leo tunaalikana na kuombeana. Lakini wazee waliokuwapo wanajua kwamba kulikuwa na ndugu wa tumbo moja waliopitana njiani bila salamu. Chuki haihitaji dini mbili. Inatosha kuwa na "sisi" na "wale".

Miaka ile ya mabomu

Turudi kwenye mwaka 2013. Bomu la Olasiti halikuja peke yake. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala, Dar es Salaam. Februari 2013 mchungaji aliuawa Buseresere mkoani Geita katika ugomvi juu ya nani achinje nyama, na mwezi huohuo Padri Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar. Wakristo wengi tuliihesabu orodha hii na kuishia hapo.

Lakini orodha haiishii hapo. Oktoba 2012, miezi kadhaa kabla ya Olasiti, bomu lilirushwa Arusha nyumbani kwa katibu wa BAKWATA wa mkoa akiwa amelala, akajeruhiwa. Juni 2013 bomu lilirushwa kwenye mkutano wa chama cha siasa uwanja wa Soweto, na watu wakafa. Aprili 2014 waliolipuliwa walikuwa wakitazama mpira kwenye baa. Julai 2014 shehe mwingine wa Arusha alijeruhiwa kwa bomu nyumbani kwake. Kwa hiyo yule mwenye duka la nafaka niliyemnyima salamu alikuwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi. Tulikuwa tunajificha wote wawili kutoka kwa adui mmoja, kila mmoja akidhani adui anakaa kwa mwenzake.

Alhamisi ya wiki ile, kwenye ibada ya jumuiya, mzee wetu wa kanisa hakutuuliza tunafikiri nini. Alituuliza nani kati yetu amemsalimia jirani Mwislamu tangu Jumapili. Tulikuwa watu 14. Mikono iliyoinuka haikufika mitano. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba Jumapili ijayo atauliza tena.

Kesho yake nilikwenda dukani. Nilisema, "Kaka, nimekuja kununua maharage, na nimekuja kuomba radhi." Alipima maharage kwanza, polepole, bila kuinua uso. Kisha akasema, "Mwalimu, nilidhani mmenihama." Akaniambia kwamba mkewe alitaka kwenda kutoa pole kwa familia moja iliyokuwa na majeruhi, akaogopa watamwonaje. Jumamosi tulikwenda sote, yeye, mkewe, mimi na mama mmoja wa jumuiya, na kilo kumi za mchele na sukari. Majeruhi alikuwa binti. Hakusema mengi. Mama yake alitushika mikono mmoja mmoja, na alipofika kwa mke wa mwenye duka hakuuachia mkono wake mpaka tulipokaa.

Tulichonacho mkononi

Sisemi kwamba mchele huponya majeraha ya bomu. Nasema kwamba jamii hii ina akiba, na akiba isiyojulikana haisaidii siku ya shida.

Tunayo jumuiya, ambamo mzee wa kanisa anajua nani hakuja na kwa nini. Tunaye balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kitongoji, ambao husikia minong'ono kabla haijawa mawe. Tunao malaigwanani, ambao vijana wengi huwasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi. Tuna maimamu na mashehe, ambao namba zao za simu zinapaswa kuwa kwa wachungaji wetu kabla ya siku mbaya, si baada yake. Maneno ya chuki yakianza kuzunguka kwenye simu, mtu wa kwanza kuulizwa ukweli awe mwenzetu wa upande wa pili. Kama kuna tishio la kweli, liende polisi. Kulificha ni kushiriki.

Kwa walioumizwa kuna hospitali, na baada ya hospitali kuna ofisi ya Ustawi wa Jamii pale halmashauri, dawati la jinsia na watoto polisi, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wengi hawafiki huko kwa sababu hawajui pa kuanzia, au hawana nauli, au wanaona aibu. Hapo ndipo diakonia ya usharika inapohitajika: mtu wa kwenda naye, kukaa naye kwenye foleni, na kurudi naye. Na tusimsahau baada ya matanga. Wiki ya kwanza nyumba hujaa watu. Mwezi wa sita mtu aliyenusurika bado anashtuka mlango ukigongwa, na hakuna tena anayeugonga. Usharika uweke tarehe zake katika kitabu, kama unavyoweka za ubatizo na ndoa.

Kaini alipoulizwa ndugu yake yuko wapi, alijibu kana kwamba si kazi yake kujua. Swali hilo limeulizwa Akeri, limeulizwa Mugonero na Nyange, limeulizwa Olasiti. Linaulizwa pia kila siku ya gulio hapa Ngaramtoni, tunapopitana na vikapu vyetu kati ya kanisa na msikiti. Sehemu kubwa ya jibu la kila siku ni kusimama na kusalimia, na kumjua mtu kwa jina lake, ili atakapokuja anayesema "walewale" akute tayari tumefahamiana.

Mzee wetu wa kanisa aliuliza tena Jumapili ile, kama alivyoahidi. Mikono iliinuka 11. Akasema waliobaki watatu waombewe, nasi tukawaombea. Mungu atusaidie tuendelee kuulizana.